Namba ya binti yangu kwenye orodha ya nyumba mbona haisogei?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninaandika kutoka Pasua, Moshi. Binti yangu anaishi Ohio, Marekani, na wanawe wawili. Ana kibali cha ukaazi wa kudumu na anafanya usafi hospitalini. Mwaka juzi aliomba vocha ya nyumba ya serikali, akajibiwa kwamba yumo kwenye orodha ya kusubiri. Jirani yake aliyeomba nyuma yake ameshapata. Sasa kuna mtu anamtaka atoe dola 200 ili namba yake isogezwe. Atoe?
Mama wa Pasua

JIBU: Mama, asitoe hata senti. Kuomba vocha hakulipiwi, na anayedai fedha ili amsogeze mtu ni tapeli tu, hata kama anazungumza Kiswahili kizuri.

Vocha hiyo humsaidia mpangaji kulipa sehemu ya kodi ya nyumba ya mtu binafsi. Mpango huo, ambao wengi kule huuita Section 8 kwa kuwa unatokana na kifungu cha 8 cha sheria ya nyumba ya mwaka 1937 kilichoandikwa upya mwaka 1974, hauendeshwi kama foleni ya benki. Fedha hutengwa na Bunge la nchi hiyo, kisha ofisi ya nyumba ya kila eneo hugawa vocha zinazotosha fedha hizo, na zikiisha, anayestahili husubiri hadi mwingine aachie nafasi. Kwa wastani, katika kila kaya nne zenye sifa, ni moja tu inayopata msaada.

Kuhusu jirani, huenda hakuna hila yoyote. Ofisi nyingi huwapa kipaumbele watu wa makundi fulani, kama wazee, wenye ulemavu, wasio na makazi au wakazi wa eneo husika, na nyingine hupanga majina kwa bahati nasibu, si kwa tarehe ya kuomba. Isitoshe, angalau asilimia 75 ya kaya mpya zinazoingizwa kila mwaka lazima ziwe zile zenye kipato cha chini kabisa, hivyo mwenye mshahara nafuu kidogo anaweza kurukwa ingawa yuko juu. Pengine pia jirani aliomba nyumba zinazomilikiwa na ofisi yenyewe, ambazo huwa na orodha yake.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni barua. Sisi huku tumezoea sanduku moja la posta kwa ukoo mzima, na barua hukaa humo mpaka atokee mtu wa kushuka mjini. Kule, barua ya kuhakiki majina huja na tarehe ya mwisho ya kujibu, na aliyehama bila kuiarifu ofisi hufutwa orodhani pasipo kujua. Mwulize, mama, kama amehama tangu aombe. Kama amehama, au kama kipato au idadi ya watoto imebadilika, aiandikie ofisi leo na abaki na nakala.

Anaruhusiwa pia kuomba katika maeneo mengine ambayo orodha zao zimefunguliwa, bila kupoteza nafasi aliyo nayo. Vocha ikitoka, atapewa siku zisizopungua 60 za kutafuta mwenye nyumba atakayeikubali, na nyumba itakaguliwa kabla hajaingia. Kwa kawaida atachangia takriban asilimia 30 ya kipato chake baada ya makato yanayoruhusiwa, na ofisi itamlipa mwenye nyumba sehemu iliyobaki. Akianza sasa kuwauliza wenye nyumba wa karibu na shule ya watoto, siku hizo 60 hazitamkuta hajui pa kuanzia.