Jibu: Ifute orodha hiyo kabla haijabandikwa

Ifute orodha hiyo ya majina leo, kabla katibu muhtasi hajaipeleka kwenye fotokopi. Umeandika kwamba wewe ni mkuu mpya wa idara ya kemia, kwamba mmepata fedha za kuwavutia wasichana na wanafunzi wenye ulemavu, na kwamba mmekwisha kuwachagua wasichana 18 wa mwaka wa kwanza watakaokuwa na darasa lao la ziada kila Jumamosi. Umeuliza mambo manne: meza za maabara kwa mwanafunzi wenu anayetumia kiti cha magurudumu, ajira ya wahadhiri wa kike, sera ya idara na ripoti ya mfadhili. Hayo majina 18 umeyataja kwa kupita tu, kana kwamba ni jambo lililokwisha, ilhali ndiyo yaliyoninyima usingizi.

Mwaka 2014 nilikuwa mratibu wa mpango kama huo katika idara ya fizikia ya chuo ambacho sitakitaja. Majina yetu yalikuwa 14. Tuliyachapa kwenye karatasi ya rangi ya waridi kwa sababu nyeupe zilikuwa zimekwisha stoo (naapa hiyo ndiyo sababu, ingawa hakuna aliyewahi kuniamini), tukaibandika kwenye ubao wa matangazo chini ya kichwa kilichosema "Wanafunzi wa Programu Maalumu ya Kuwezeshwa". Kufikia saa sita mchana kitivo kizima kilikuwa kimewajua, na kufikia Ijumaa walikuwa wamekwisha kupewa jina. Waliitwa "Maalumu", na aliyechelewa kipindi, hata awe mvulana, aliulizwa kwa kicheko kama naye amehamia Maalumu.

Wiki ya tatu nilipita maabara wakati wa jaribio la kupima kipenyo cha waya kwa mikromita. Katika kundi moja la watu wanne, vijana watatu walikuwa wameinamia waya, na binti mmoja wa orodha yetu alikuwa amekaa pembeni na daftari akiandika namba alizotajiwa. Nilimuuliza kwa nini yeye hapimi. Kabla hajafungua mdomo, kijana mmoja akamjibia, tena kwa upole kabisa: "Mwalimu, yeye ana mwandiko mzuri." Nilicheka, nikapita kundi la pili. Sisi wanafizikia tumezoea kupuuza msuguano ili hesabu itoke vizuri, na siku ile niliupuuza msuguano uliokuwa mbele ya macho yangu.

Mwisho wa mwaka watano kati ya wale 14 waliondoka, na naomba ulisome hili mara mbili: hakuna hata mmoja aliyedisko, yaani aliyeondolewa chuoni kwa kufeli. Wote walikuwa wamefaulu, wakaomba wenyewe kuhamia programu nyingine. Yule binti wa daftari alikuwa wa kwanza kuleta fomu ofisini kwangu ili niisaini. Kidato cha sita alikuwa amepata Daraja la Kwanza kwa pointi 4, matokeo ambayo vijana wale watatu waliokuwa wakimtajia namba hawakuwa nayo. Akaniuliza ni alama ipi katika cheti chake iliyotufanya tuone kwamba anahitaji kuwezeshwa. Sikuwa na jibu, kwa kuwa hatukuwa tumetazama cheti cha mtu yeyote. Tulikuwa tumefungua jedwali, tukachuja safu ya jinsi, tukachapa. Nilisaini fomu yake, akashukuru, akaufunga mlango taratibu kwa adabu zote, na ningeona nafuu kama angeubamiza.

Wazo la orodha hatukulizua sisi. Tuliletewa mshauri mwelekezi aliyelipwa posho ya siku tatu, akatuonyesha slaidi zisizo na mwisho zenye picha za wasichana waliovaa miwani ya maabara wakitazama kimiminika cha buluu ambacho hadi leo hakuna mkemia aliyeweza kuniambia ni kitu gani. Pengine wewe utanisaidia. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba ni lazima tuwe na "walengwa wanaohesabika", la sivyo mfadhili hatatuelewa. Siku zote tatu hakuingia maabara hata mara moja, ila ukumbi wa chakula aliufahamu vizuri. Nasi, watu wenye shahada za uzamivu, tulitikisa vichwa na kunakili.

Kanuni ninayoishikilia tangu wakati huo ni hii: msaada uwekwe ndani ya ratiba ya darasa zima, na jina la mwanafunzi lisionekane popote pamoja na neno "maalumu". Mwaka uliofuata tuliwapa wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza dodoso fupi lisilouliza jinsi wala mkoa. Liliuliza kama mtu amewahi kushika mikromita kwa mkono wake, kama amewahi kuunganisha ameta katika saketi, na kama shule yake ilikuwa na maabara yenye umeme. Walioshika vifaa kwa mara ya kwanza chuoni walipangiwa kipindi chao cha vitendo, na wenye uzoefu kipindi kingine, huku mtihani ukiwa uleule. Kundi la wasio na uzoefu lilijaa watoto wa shule za kata, na wavulana walikuwa wengi kuliko wasichana. Kumbe wavulana hao walikuwepo mwaka uliotangulia pia, wakihangaika kimyakimya, na karatasi yetu ya waridi haikuwaona.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba tulikuwa tumeugundua upya moto uliokwisha kuwashwa. Chuo cha Harvey Mudd huko California kiliigawa kozi yake ya mwanzo ya sayansi ya kompyuta kwa kuangalia ni nani aliyewahi kuandika programu na nani hajawahi. Kwa hatua hiyo pamoja na nyingine, sehemu ya wanawake kati ya wahitimu wa fani hiyo ilipanda kutoka takriban asilimia 10 mwaka 2006 hadi takriban asilimia 40 katika muda wa miaka mitano hivi. Najua kuna atakayenitajia Makerere, ambako kuanzia 1990 waombaji wa kike waliongezewa pointi 1.5. Sipingi, lakini pointi hizo zilifanya kazi kwenye udahili, nami nazungumzia kinachompata mtu baada ya kuvuka mlango wa maabara.

Jambo la pili ni kazi za kundi. Fundi sanifu wetu, ambaye alipaswa kulipwa posho ya yule mshauri, alichora jedwali la kupokezana: wiki hii wewe unaunganisha, wiki ijayo unapima, inayofuata unaandika, kisha unakokotoa, naye fundi hasaini ripoti ya kundi ambalo mwandishi ni yuleyule wiki mbili mfululizo. Vijana walilalamika kwamba wana mwandiko mbaya. Tuliwajibu kwamba kalamu ni kifaa kama vifaa vingine, na huzoeleka kwa kushikwa.

Nasoma tena uliyouliza, naona kuhusu sera na kuajiri wahadhiri wa kike sijasema kitu, na kwa kweli sina la maana la kusema. Waliowahi kukaa kwenye kamati za ajira wakujibu. Ripoti ya mfadhili ijazwe kwa idadi ya vipindi vilivyofanyika na waliohudhuria, hizo nazo zinahesabika. Kuhusu mwanafunzi wako wa kiti cha magurudumu, usimnunulie meza kabla hujamketisha mbele ya meza na kumpima, kwa sababu meza za maabara nyingi zina kimo cha sentimita 90 hivi na kabati chini yake, magoti hayana pa kupita. Sisi tuliing'oa kabati moja na kuishusha meza kwa msumeno wa seremala wa chuo. Vipimo vyake viko kwenye daftari la fundi sanifu; nitakuwekea hapa Jumatatu. Wewe nawe niambie kama orodha bado iko mezani au imekwisha kubandikwa.