Msuli Uliojificha Chini ya Shavu la Mguu

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Kila alfajiri hukimbia kutoka Kirumba hadi kilima cha Bugando na kurudi. Kwa miezi mitatu nimekuwa nikisimama ukingoni mwa ngazi na kunyanyua visigino, magoti yamenyooka, na mashavu ya miguu yametuna kweli. Lakini nikianza kupanda kilima, sehemu iliyo chini ya lile tuta huchoka na kukaza. Nakosea wapi?
Mkimbiaji, Kirumba

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Zoezi lako ni zuri, ila limeujenga msuli mmoja zaidi ya mwenziwe. Tuta unaloliona ni msuli wa gastroknemia, ulioanzia kwenye mfupa wa paja, juu ya goti. Chini yake umelala msuli mpana na bapa uitwao soleasi, jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya ndara. Huo umeanzia kwenye mifupa miwili iliyo chini ya goti, kisha ukaungana na mwenziwe katika kano moja nene linaloshika kisigino. Basi goti likikunjwa, kama linavyokunjwa unapopanda kilima, ule wa juu hulegea na kupungukiwa nguvu, na soleasi, usiovuka goti, hubeba sehemu kubwa zaidi ya mzigo.

Ukitaka kuujua kwa mkono wako, keti kwenye kigoda, kanyaga kwa wayo mzima, bana mguu kwa vidole pande zote mbili chini kidogo ya tuta, kisha nyanyua kisigino: unaokaza hapo ndio wenyewe.

Ufanyishe kazi katika mkao huohuo. Weka khanga iliyokunjwa juu ya paja, karibu na goti, na juu yake dumu la maji la lita 20, ambalo ni kama kilo 20. Nyanyua kisigino taratibu, tulia kidogo, kishushe taratibu zaidi. Mara 15 hadi 20 kwa kila mguu, mizunguko mitatu, siku tatu kwa juma. Msuli huu umejaa nyuzi stahimilivu, zinazofanya kazi kila tunaposimama, kwa hiyo mara kumi za harakaharaka hazitausumbua. Zoezi la kusimama usiliache.

Nakusihi jambo moja: shavu la mguu mmoja likivimba, likawa na joto na kuuma hata ukiwa umepumzika, usilikande wala usikimbie, bali nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa maana huenda damu imeganda ndani ya mshipa.