Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Kuhamia Pembezoni mwa Jiji

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu waliohamia nje kidogo ya Dar es Salaam, au wanaojiandaa kuhama, wakitafuta nafasi na utulivu. Nimechagua tatu, kwa sababu matatizo yake yanawakuta wengi.

Swali: Ndugu mshauri, salaam. Mimi na mume wangu tumepanga Sinza kwa miaka mingi, na kelele za baa na magari zimetuchosha. Tumeonyeshwa shamba maeneo ya Chanika lenye minazi na mikorosho, mahali patulivu kabisa, na muuzaji anakata vipande vya hatua ishirini kwa ishirini kwa bei tunayoimudu. Dalali anatuhimiza tulipe haraka kabla wengine hawajatuwahi. Je, tununue?
*Mama wa watoto watatu, Sinza*

Jibu: Dada yangu, msilipe bado. Chanika ni mahali pazuri pa kuishi, na wengi waliohamia huko hawatamani kurudi mjini, lakini ninyi mmeliona shamba hilo mkiwa na dalali, na yamkini ilikuwa mchana wa jua kali, barabara ikiwa kavu. Nendeni tena wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, siku moja baada ya mvua kubwa, mkashuke kwenye lami na kutembea kwa miguu hadi kwenye kiwanja chenyewe. Angalieni ni wapi bodaboda wanagoma kuendelea, maji yanapita wapi na yanasimama wapi, na mama mwenye duka la karibu anasema gari la mizigo hufika kwake kwa siku ngapi katika wiki. Mwulizeni pia mama huyo: mjamzito akishikwa na uchungu usiku, anafikishwaje kituo cha afya? Jibu la swali hilo litawaeleza hali ya barabara kuliko maelezo yote ya dalali.

Ushauri wangu mkubwa ni kwamba mpange huko kwanza. Tafuteni vyumba viwili katika mtaa huohuo na muishi hapo walau msimu mmoja wa masika kabla ya kununua chochote. Najua mtaona ni kupoteza kodi, lakini kodi ya huko ni ndogo kuliko ya Sinza, na katika miezi hiyo mtajua mtoto anaamka saa ngapi ili awahi shule, nauli ya daladala hadi Gongo la Mboto na kuendelea mjini inakula kiasi gani cha mshahara, umeme unakatika mara ngapi, na zaidi ya yote mtawajua majirani. Ninawasisitiza hilo kwa sababu nimeona familia zikimaliza akiba yote kwenye msingi na kuta, kisha nyumba ikabaki na mlinzi kwa kuwa baba ameshindwa kuamka saa kumi alfajiri kila siku.

Mkisharidhika na mahali, ndipo mje kwenye karatasi. Kwanza, hatua si kipimo, kwa kuwa mguu wa muuzaji na wa mnunuzi haulingani. Eneo lipimwe kwa mita na mipaka ionekane mbele ya majirani wa pande zote nne. Pili, karatasi ya mauziano inayogongwa muhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi kwamba mliuziana, lakini si hati miliki. Nendeni ofisi ya ardhi ya halmashauri mkaulize kama eneo limepimwa na ramani ya mipango miji inapaonyesha kuwa ni makazi, kwa maana wapo watu waliouziwa barabara au uwanja wa shule. Upande huo pia upo msitu wa hifadhi wa Pugu na Kazimzumbwi, na ardhi ya hifadhi haiuzwi hata kama anayeiuza amezaliwa hapo. Kama kiwanja kiko karibu na mto au kijito, kumbukeni kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Mto Msimbazi, unaofurika Jangwani kila mwaka wa mvua nyingi, unaanzia kwenye vilima vya huko huko Pugu na Kisarawe.

Tatu, na hapa ndipo kesi nyingi zinapozaliwa, mwulizeni muuzaji shamba alilipataje. Kama ni la marehemu baba yake, hawezi kuliuza peke yake. Anayepaswa kusaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na ndugu zake wawepo. Kama ana mke, mke aridhie na asaini. Dalali akiwaambia hayo yanachelewesha mambo, mwacheni aende na haraka zake.

Swali: Mshauri, tumehamia Mapinga, wilaya ya Bagamoyo, mwaka jana. Nyumba imekamilika na mtaa ni mtulivu mno, ila bomba halijafika kwetu. Tunanunua maji ya boza na gharama inatuumiza. Fundi anatushauri tuchimbe kisima, jirani anasema kisima chake kimetoa maji ya chumvi. Tufanyeje?
*Baba J., Mapinga*

Jibu: Baba J., jirani yako anasema jambo la kusikilizwa. Ukanda ule uko karibu na bahari, na visima vingi hutoa maji yenye chumvi yanayofaa kufulia na kumwagilia tu, tena si mimea yote. Kabla ya kumlipa mchimbaji, zunguka kwa majirani wenye visima, onja maji yao, uliza kina, na umtumie mtaalamu wa kupima maji ardhini. Kisima kirefu kinahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde, ambayo kwenu ni ya Wami/Ruvu. Pia kisima kikae mbali na shimo la choo, lako na la jirani. Umbali unaoshauriwa kwa kawaida ni mita 30 au zaidi, na kwenye viwanja vidogo hilo ni gumu kuliko watu wanavyofikiri.

Lakini kabla ya kuchimba, tazama juu kwenye bati lako. Milimita moja ya mvua ikidondoka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita za mraba 100 ikipata mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu kwa usiku mmoja wa masika, inaweza kujaza simtanki la lita 5,000. Familia ya watu watano inayotumia lita 20 kwa kila mtu kwa siku itaishi na simtanki hilo siku 50. Mvua za pwani zinakuja mara mbili kwa mwaka, masika na kisha vuli kuanzia Oktoba, kwa hiyo simtanki mawili au matatu yatakupunguzia boza kwa sehemu kubwa ya mwaka. Weka mifereji mizuri, ipanguse kabla ya msimu kuanza, acha mvua ya kwanza ioshe vumbi na kinyesi cha ndege iende zake, na mdomo wa tanki ufunikwe kwa wavu ili mbu wasitage. Maji ya kunywa yachemsheni.

Wakati huohuo, msiache kwenda DAWASA, mamlaka ya maji, kama mtaa mzima, mkiwa na orodha ya kaya zinazohitaji kuunganishwa na barua ya mwenyekiti wenu. Mtu mmoja mmoja anayeomba bomba lipite kwake atasubiri muda mrefu kuliko kaya arobaini zilizoandika pamoja.

Swali: Mwanangu, mimi ni mzaliwa wa Kimbiji, Kigamboni, mkulima wa mihogo. Wageni wananunua mashamba na kujenga kuta ndefu. Mmoja amefunga njia tuliyopita tangu enzi za wazee wetu kwenda kisimani na makaburini. Sitaki kesi, nataka njia. Nimwambieje?
*Bibi wa Kimbiji*

Jibu: Shikamoo bibi. Nimeisoma barua yako kwa uchungu, kwa sababu utulivu ambao wageni hao wameufuata ni kazi ya mikono yenu, mliotunza visima, miti na makaburi kwa miaka yote hiyo. Huenda mwenye ukuta hakuonyeshwa njia alipouziwa. Nenda kwake na mzee mmoja anayeheshimika pamoja na mjumbe, mtembee naye pamoja kwenye njia yenyewe hadi makaburini, umwonyeshe walikozikwa wazee wako. Mwombe mlango mdogo au upenyo wa mita mbili pembeni ya ukuta. Asilazimike kuvunja ukuta wote.

Akikataa, peleka suala serikali ya mtaa, kisha baraza la kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Usuluhishi usipofanikiwa ndani ya siku 30, shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaitambua haki ya kupita katika ardhi ya mwingine, kwa hiyo huendi kuomba fadhila.

Jambo moja usilicheleweshe: kama eneo lenu litafanyiwa urasimishaji, yaani kupimwa na kutambuliwa rasmi, hudhuria mkutano wa mtaa na uhakikishe mpima ardhi anaichora njia ile kwenye ramani, pamoja na makaburi na kisima. Wachukue na wenzako wanaoitumia, na majina yao yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano.