Jukwaa la mtetemo: skrini inaandika 30, uiamini?

Mkuu, umeuliza kama jukwaa la mtetemo (ile mashine ya kusimama juu ya sahani inayotetema) ulilonunua mtumba kwa ajili ya gym yako linaaminika, maana skrini inaandika 30. Kwanza, 30 ya nini? Nyingi za bei rahisi zinaonyesha hatua 1 mpaka 99, ambazo si Hz (mitetemo kwa sekunde) kabisa. Mimi ni fundi wa vifaa vya mazoezi, na skrini huwa naiangalia mwisho.

Pima vitu viwili: sahani inatetema mara ngapi kwa sekunde, na inasafiri milimita ngapi toka chini hadi juu. Mchapuko, yaani jinsi kasi ya sahani inavyobadilika, unazaliwa na hivyo viwili. Kwa 30 Hz na safari ya milimita 4, kilele ni kama 7 g, yaani mara saba ya mvuto wa dunia. Ila kama zile 4 za muuzaji zinahesabiwa toka katikati kwenda juu tu, safari nzima ni 8 na g inaruka hadi 14 hivi! Basi muulize anahesabu toka wapi, na akijiumauma, pima mwenyewe.

Safari inapimwa kwa karatasi. Chora pembetatu nyembamba, urefu milimita 100, kitako 10, ipake wino mweusi tii. Ibandike ubavuni mwa sahani ikiwa imelala, ncha iangalie pembeni. Ukiwasha utaona pembetatu mbili za kijivu zilizopishana, na kati yake weusi uliobaki. Pima toka kwenye ncha hadi weusi unapoanzia: zikiwa milimita 40, gawanya kwa 10, safari ni 4. Hii ni kwa mashine zinazopanda na kushuka sawasawa. Zile zinazobembea kushoto-kulia, kadiri mguu unavyokaa mbali na ekseli ndivyo safari inavyokua, kwa hiyo weka alama za miguu kwa tepu kabla hujapima chochote.

Kuhesabu Hz, simu inatosha. Programu ya bure ya phyphox inasoma kihisi cha mchapuko. Ibane simu kwenye sahani kwa tepu isicheze. Tumia simu ya zamani lakini, kwa sababu mwaka 2021 Apple wenyewe walionya kwamba mtetemo mkali wa injini za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone. Na usiziamini g za simu: vihisi vingi vimewekewa kikomo cha 4 au 8 g, na simu ikichukua vipimo 100 kwa sekunde, kila mtetemo wa 30 Hz unapata vipimo vitatu tu na kidogo. Vilele vinapotea, Hz inabaki.

Sasa uaminifu wenyewe, yaani kama mashine inatoa namba ileile kila mara. Pima sahani tupu, kisha na mtu wa kilo 60, kisha wa kilo 90, magoti yamekunjwa vilevile, miguu kwenye alama zilezile. Washuke, zima, rudia. Rudia tena siku nyingine, na jioni umeme unapokuwa mdogo. Mkengeuko sanifu wa vipimo hivyo (yaani vinatawanyika kiasi gani toka kwenye wastani) gawanya kwa wastani, zidisha kwa 100. Mimi ikivuka asilimia 5 kwa mtu yuleyule, naifungua mashine: mkanda umelegea, beringi imeliwa, au mipira ya chini imekauka.

Hapa ndipo wengi wanachanganya. Mashine inayotoa 26 kila ukiiwekea 30 haina shida kubwa. Bandika karatasi uandike 26, maisha yaendelee. Ya kuogopa ni ile inayotoa 31 kwa binti mwembamba na 24 kwa mzee mwenye kitambi, halafu wastani unasoma vizuri. Ukiandika kwenye daftari kwamba wote wamefanya zoezi lilelile, daftari linadanganya.

Ukishapima leta namba hapa, ila taja uzito wa aliyesimama na mashine ni ya kupanda-kushuka au ya kubembea.