Barua za Shambani: Mbaazi za Babati zimegoma kutoa maua Minneapolis

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu wa baridi. Nimechukua nne, wengine subirini toleo lijalo, msinune.

SWALI: Shikamoo mama. Niko Minneapolis, nina kipande kwenye bustani ya jumuiya. Ndugu yangu aliniletea mbaazi za kwetu Babati, nikapanda mwisho wa Mei, zikaota vizuri tu, zikarefuka mpaka zikanipita kichwa, majani tele, lakini ua hata moja hamna, Oktoba jalidi ikazifyeka zote. Jirani mwenye maharage amevuna. Nimezidisha mbolea ama udongo ndio mbovu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Udongo hauna kosa na mbolea tusiisingizie. Mbaazi nyingi za kwetu zinafuata urefu wa usiku. Babati mchana na usiku vinakaribiana mwaka mzima, sasa huko kwenu mwezi Juni mchana unapita masaa 15, mbaazi ikiona usiku ni mfupi hivyo inaendelea tu kujaza majani ikisubiri, usiku unakuja kurefuka Septemba ndio ianze kufikiria maua, na jalidi nayo iko mlangoni. Hata ungeimwagilia supu isingezaa.

Mahindi ya milimani yale ya miezi sita yana shida inayofanana na hiyo, kwa sababu wewe una kama miezi mitano tu, katikati ya Mei mpaka mwanzo wa Oktoba ukibahatika. Nunua mbegu za hapo hapo, geuza pakiti usome siku za kukomaa, 75 mpaka 90 zinakutosha. Na ndugu asikuwekee tena mbegu kwenye begi, Marekani wanataka cheti cha afya ya mimea, ukikamatwa nazo airport utajieleza weee.

Mimi ningekuwa wewe ningekula majani. Majani hayangoji maua! Kunde panda za kuchuma majani, mchicha usubiri Juni udongo upate joto, wiki nne hivi unaanza kupunguzia, matembele nayo yanakubali sana kile kiangazi chao. Mnavu uanzie ndani dirishani wiki sita mpaka nane kabla ya kuutoa nje, ni mvivu ukiwa mdogo. Ila mfalme wa huko ni sukuma wiki, hiyo jalidi ndogo haiiui kabisa, tena baridi ikiipiga inaongeza sukari kwenye majani, sukuma ya Oktoba ni tamu kuliko ya Julai. Usikimbilie kuing'oa eti majira yameisha.

SWALI: Dada, mimi niko St. Cloud, Marekani. Sukuma zilinizidi nikakatakata nikajaza mifuko nikatupa friza. Januari natoa, rangi imefifia, inanuka nyasi, watoto wamegoma na baba yao anacheka anasema tununue tu dukani.

JIBU: Mwambie baba yao acheke taratibu. Uliigandisha mbichi ndio maana. Baridi ya friza haiui vimeng'enya vya kwenye majani, inavipunguza kasi tu, vinaendelea kula rangi na ladha kidogo kidogo mpaka Januari ndio unakutana na hizo nyasi. Lazima uvikomeshe kwa maji ya moto kwanza.

Chukua sufuria kubwa, maji lita nne kwa nusu kilo ya majani, yachemke haswa, tumbukiza, ufunike. Maji yakirudi kuchemka ndio unaanza kuhesabu, sukuma dakika tatu, mchicha mbili zinatosha. Hapo hapo itoe uitupe kwenye beseni la maji yenye barafu, barafu ya kutosha sio vipande viwili vya kujifariji, ikae dakika zile zile. Utaona rangi imekuwa kijani cha kung'aa. Sasa ikamue, ikamue kweli kwa mikono miwili mpaka maji yakome kudondoka, maana maji utakayoyaacha ndiyo yatakayoilowesha sufuriani. Jaza mfuko, ulaze mezani uukandamize uwe bapa hewa itoke, andika tarehe. Mifuko bapa inapangika, na ukitaka kidogo unamega kipande. Friza ikiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri unakula mpaka karibu mavuno mengine. Siku ya kupika usiiyeyushe, kaanga vitunguu na nyanya mpaka viive, yenyewe iingie mwisho na barafu yake.

SWALI: Habari. Tuko Calgary, Canada. Jirani yetu anachemsha nyanya kwenye machupa ya kioo zinakaa mpaka mwaka. Na sisi tunataka kuweka maharage yaliyopikwa na sukuma hivyo hivyo, inafaa?

JIBU: Haifai, na hapa sitanii. Nyanya zina uchachu, maharage na sukuma havina. Kuna kijidudu cha udongoni kinaitwa Clostridium botulinum, mbegu zake zinavumilia maji yanayochemka, halafu mkishaifunga chupa hewa haiingii na ndicho inachopenda, inatengeneza sumu ambayo wala huioni wala hainuki, na inapooza misuli mpaka ya kupumulia. Kuziua inatakiwa kama nyuzi 116, hizo mtazipata kwenye sufuria maalumu ya presha ya kuhifadhia vyakula, yenye vipimo vyake, sio presha kuka yenu ya kupikia. Kama hamna hiyo, maharage yabaki makavu kwenye gunia au yapikeni yaende friza.

Nyanya sawa, mwigeni jirani. Ila kila chupa ya karibu lita moja itieni vijiko vikubwa viwili vya maji ya limau ya dukani, ya chupa, maana limau la kukamua uchachu wake unabadilika. Nyanya za kuponda kule pwani huchemshwa dakika 45, Calgary mko juu zaidi ya mita 1,000 na maji yenu yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, basi nyinyi wekeni 55. Chupa ikivimba kifuniko, tupa. Usionje!

SWALI: Bibi yangu Shinyanga alikuwa anaanika nsansa (majani ya kunde) na michembe (vipande vya viazi vitamu) juani, hazikuwahi kuharibika. Niko Tampere, Finland, nimeanika balkoni mwezi Agosti zikaota ukungu. Nakosea wapi?

JIBU: Hukosei kaka, jua ndilo limekukosea. Bibi alikuwa na jua kali na hewa kavu, wewe una jua la upole na hewa ya unyevu. Hata wenyeji wenyewe zamani hawakuliamini jua lao, nafaka yao ya rai waliikaushia kwenye kibanda cha kuwasha moto ndani, wao wanakiita riihi. Tumia oveni nyuzi 50 mpaka 60, mlango uache wazi kidogo mvuke utoke, ugeuze geuze mpaka jani livunjike mkononi. Oveni isiposhuka mpaka hapo, tafuta mashine ndogo ya kukaushia. Halafu Agosti hiyo hiyo msitu umejaa matunda madogo na sheria ya Finland inamruhusu kila mtu kuchuma, hayo hayahitaji moto wala barafu ya beseni, yatandaze kwenye trei yagande ndio uyatie mfukoni.