Mamake mtoto akitaka kuhama, usianze kwa kuficha cheti

Nianze na ujinga wangu ndio mjue sijifanyi mjuaji hapa. Mamake binti yangu tumeachana kitambo, sote hapa Mombasa, mie niko Likoni yeye alikuwa Kisauni, siku moja akanipigia ati amepata kazi Nairobi na mwisho wa mwezi anahama na mtoto. Nikawaka! Cheti cha kuzaliwa kilikuwa kwangu, basi nikakipeleka kwa mamangu akifiche, nikijua shule mpya lazima watakiulizia. Nikajiona mjanja wallahi.

Tukaishia kwa afisa wa watoto. Mie nimejipanga, katiba ya 2010 kifungu cha 53, baba na mama jukumu lao ni sawa wawe wameoana ama hawakuoana, na Sheria ya Watoto ya 2022 nayo nikaitaja. Yule mama afisa akaniskiza mpaka nikamaliza halafu akaniuliza kwa upole tu, baba, mwalimu wa darasa wa mtoto anaitwa nani? Kimya. Akibanwa na kifua usiku nani humpeleka hospitali? Kimya tena, feni tu inazunguka. Sheria niliikariri lakini nusu, kwa sababu kifungu hichohicho kinasema maslahi ya mtoto ndio mbele, na uchungu wangu mie haumo humo.

Kwa hivyo ndugu yangu, mambo ya "mtoto ni wangu" wachana nayo, gombania kalenda. Sie tulikaa saa mbili nzima kwa likizo peke yake: Aprili na Agosti anakuja kwangu, Disemba tunaigawa, Idd tunapokezana. Nauli nayo mtaje mapema maana hapo ndipo watu hukosana, sie yeye hulipa ya kuja mie ya kurudi. Simu ni kila siku baada ya magharibi, na sio "nikipata nafasi". Yote tukaandika tukatia sahihi kabla hajafunga mizigo, kwa sababu mtu akishafika huko na kazi mpya na nyumba mpya kumrudisha mezani ni shughuli.

Hii ni ya kuhama ndani ya Kenya lakini. Akitaka kumpeleka nje ya nchi usitegemee karatasi mliyoandikiana, tafuta wakili na mwende korti ya watoto pale Tononoka kabla tiketi haijakatwa.

Siku ya kuondoka niliwapeleka Miritini kupanda ile treni ya saa tisa. Binti akanishika shati akaniuliza, "Baba, mswaki wangu wa kwako uko?" Nikamwambia upo palepale kwenye kikombe. Akaingia ndani bila kulia, mie ndio nilikuwa natafuta leso ya mfukoni.

Cheti nilikirudisha. Mamangu alikiweka kwa sanduku lake la nguo, kikatoka kinanukia udi.