Triathloni ya kwanza: kazi kubwa iko majini

Wengi wanaojaribu triathloni, yaani mbio za kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, huku kwetu wanatokea kwenye kukimbia. Mtu ameshamaliza nusu marathoni mbili tatu, baiskeli ameipanda tangu utotoni, anajiambia kuogelea atajikokota tu hadi afike. Halafu anaendelea kukimbia siku nne kwa wiki kwa sababu huko ndiko anakojisikia mzima, na bwawani anakwenda Jumamosi akipata nafasi. Hesabu hiyo haitoki.

Triathloni fupi, ile ya sprinti, ni mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za kukimbia. Kwa muda, kuogelea ndiyo sehemu fupi kuliko zote, dakika 20 hivi kwa anayeanza. Lakini ndiyo sehemu pekee ambayo ukichoka huwezi kusimama ukashika kiuno, na vifo vingi vya mchezo huu hutokea humo. Kwa hiyo kama wewe ni mkimbiaji, nusu ya mazoezi yako yaende majini, baiskeli ipewe sehemu kubwa ya kinachobaki, na kukimbia kutunzwe tu kusipotee. Hutapoteza mbio zako kwa kukimbia mara mbili kwa wiki.

Uchaguzi wa umbali usikusumbue. Anza na sprinti, au ile fupi zaidi ya mita 400, kilomita 10 na kilomita 2.5 ikiwa inapatikana. Kama kilichokutia hamu ni ile triathloni ndefu iitwayo Ironman 70.3 ya Rubavu nchini Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, iliyoanza mwaka 2022, jua kwamba hiyo ni kilomita 1.9 za maji, 90 za baiskeli na 21.1 za kukimbia. Iache ya mwaka kesho au keshokutwa. Anayeweza leo kuogelea mita 200 bila kusimama anaweza kujiandaa kwa sprinti ndani ya wiki 12. Asiyefika mita 50 ajipe miezi minne au mitano na atafute mwalimu, maana video za simu hazioni miguu yako inavyozama. Na kama una zaidi ya miaka 35, una presha, au ulishawahi kubanwa kifua ukifanya mazoezi, mwone daktari kwanza.

Bwawani

Anayeanza huchoka kwenye mita 25 hata kama mikono yake ina nguvu. Tatizo ni pumzi. Uso ukiwa majini anaibana, akigeuza kichwa anataka kutoa na kuvuta kwa mpigo mmoja, na muda hautoshi. Hewa chafu inabaki kifuani, mwili unapiga kelele kwamba hewa hakuna, naye anaongeza kasi ili afike ukutani. Dawa yake inaanza ukiwa umesimama kwenye kina cha kifua: shika ukingo, zamisha uso, toa hewa polepole kwa pua na mdomo hadi mapovu yaishe, geuza kichwa pembeni (usikiinue), vuta haraka, rudi. Fanya mara 20 kila unapoanza mazoezi kwa wiki tatu za mwanzo. Ukiwa unaogelea, kazi ya kutoa hewa iwe imekwisha kabla mdomo haujatoka majini.

Kosa la pili ni kichwa. Ukitazama mbele, nyonga na miguu vinashuka, unaburuta mwili mzima. Tazama sakafu ya bwawa. Wakimbiaji pia wana vifundo vigumu vya miguu na hupiga maji kwa magoti kana kwamba wanakanyaga pedali; piga mapigo madogo yanayoanzia kwenye nyonga, kidole gumba kikigusana na mwenzake. Miguu itakayokubeba kwenye baiskeli ni hiyohiyo, usiimalize huku.

Mazoezi yenyewe: wiki mbili za kwanza fanya mita 50 mara nane, ukipumzika sekunde 20 hadi 30 kila baada ya moja. Ikishakuwa rahisi, mita 100 mara sita. Wiki ya sita au ya saba, mita 250 mara tatu. Kufikia wiki ya tisa uwe umeogelea mita 1,000 mfululizo, yaani urefu wa bwawa la mita 25 mara 40, bila kugusa ukuta kwa kupumzika. Hizo mita 250 zinazozidi 750 za mbio ni akiba yako, kwa sababu baharini hakuna anayeogelea mstari ulionyooka.

Baharini ni kitu kingine

Kuanzia wiki ya saba, zoezi moja kati ya matatu ya kuogelea lihamie kwenye maji ya wazi. Usiende peke yako hata siku moja. Vaa kofia ya rangi kali, fungia kiunoni boya la kuelea, na uogelee sambamba na ufuko mahali ambapo ukisimama maji yanakufika kifuani.

Soma maji kabla ya kuingia. Pwani ya Tanzania na Kenya, siku za bamvua, maji yanaweza kupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Maana yake mbio za saa moja asubuhi siku ya bamvua zinakukuta maji yakitoka kwa nguvu. Kwenye ghuba iliyo wazi utasukumwa nje. Kwenye mlango wa mto au mkono wa bahari kama wa Kilifi au Mtwapa, unaweza kuogelea dakika tano ukitazama jiwe lilelile. Angalia jedwali la maji la siku ya mbio na lile la siku ya mazoezi, kisha uliza wavuvi wa hapo mkondo unaelekea wapi. Wanajua kuliko programu yoyote ya simu. Msimu wa kusi upepo huzidi kadiri jua linavyopanda, kwa hiyo maliza mazoezi kabla ya saa mbili na nusu asubuhi.

Walio kando ya Ziwa Victoria wana hesabu nyingine: kichocho. Konokono wanaokibeba hukaa kwenye maji ya pembeni yenye majani, basi ingia mahali pa mchanga au kwenye gati, kajipime wiki 6 hadi 8 baadaye, na uliza wenyeji habari za mamba na viboko kabla hujavua viatu.

Bahari haina mstari wa sakafu. Chagua kitu kirefu kilicho nyuma ya boya la kuonyesha njia, mnara wa msikiti au mnazi uliosimama peke yake, na kila mapigo sita hadi nane inua macho tu juu ya maji, mdomo ubaki chini, kisha geuza kichwa pembeni uvute pumzi. Ukiinua kichwa kizima miguu inazama na unameza chumvi. Paka mafuta ya mgando shingoni, kwapani na popote mshono unapogusa. Maji ya chumvi yanachubua ndani ya dakika 15. Nguo za mpira za kuzuia baridi hazihitajiki pwani, maji ya hapa ni ya uvuguvugu na kanuni zenyewe huzikataza maji yakizidi nyuzi 22 kwenye umbali huu. Kina mama wanaoogelea na vazi la kusitiri mwili wawaandikie waandaaji mapema wapate jibu la maandishi, na wachague kitambaa cha kuogelea, si pamba, kwa sababu pamba inanywa maji na kuvuta mabega.

Siku ya mbio simama pembeni na nyuma ya kundi, subiri sekunde 10 baada ya kipenga, ndipo uingie. Kwenye msukosuko wa mwanzo utapigwa teke, miwani itasogea, moyo utakimbia. Hofu ikikushika, lala chali, elea, toa hewa ndefu mara tano. Mtindo wa chura unaruhusiwa. Kushika kayaki ya waokoaji nako kunaruhusiwa, mradi usisogee mbele ukiwa umeishika. Ukihitaji msaada inua mkono. Yote haya yajaribu kwenye mazoezi, hasa kulala chali katikati ya mawimbi, ambako watu hushangaa kwamba si sawa na bwawani.

Baiskeli uliyonayo inatosha

Usinunue baiskeli ya mbio kwa ajili ya mara ya kwanza. Baiskeli ya milimani inamaliza kilomita 20 vizuri ukiibadilishia tairi laini zisizo na meno na kuzijaza psi (kipimo cha upepo wa tairi) 45 hadi 55. Tairi nyembamba za barabarani za milimita 25 zinataka 80 hadi 95 kulingana na uzito wako. Tazama namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, usiipite. Hata ile ya chuma ya kubebea mizigo inafika, ila breki zote mbili ziwe zinakamata, na wakaguzi wataangalia hilo pamoja na miisho ya usukani, ambayo lazima iwe na vifuniko.

Kiti ndicho wengi wanachokosea. Kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu uwe umenyooka. Ukirudisha sehemu pana ya wayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjika kidogo. Kiti kikiwa chini mno goti linauma kwa mbele. Kikiwa juu mno linauma kwa nyuma na nyonga zinacheza huku na huku. Kisha gia: tumia nyepesi, miguu izunguke mara 80 hadi 90 kwa dakika. Anayesukuma gia nzito anajiona ana nguvu hadi anaposhuka kukimbia.

Pancha usimwachie fundi, siku hiyo hatakuwepo. Jifunze nyumbani hadi uimalize kwa dakika 10. Toa tairi upande mmoja, vuta tyubu, kisha pitisha vidole taratibu ndani ya tairi lote utafute mwiba au kigae cha chupa. Anayeruka hatua hii hutoboka tena baada ya mita 200. Tia upepo kidogo kwenye tyubu mpya ili iwe na umbo, iingize, rudisha tairi kwa vidole gumba ukianzia mbali na valvu. Kabla ya kujaza, zunguka rimu yote ukibana tairi pembeni uone kama tyubu imechungulia. Ikibanwa kati ya tairi na rimu italipuka ukiijaza. Beba tyubu moja, vijiti viwili vya kutolea tairi na pampu ndogo.

Kwenye mbio nyingi za wanaoanza ni marufuku kujificha nyuma ya mgongo wa mwenzako ukimtumia kukinga upepo. Acha mita 10, na ukiamua kupita, pita kweli.

Kuunganisha, na meza yako ya vitu

Mara moja kwa wiki, shuka kwenye baiskeli baada ya dakika 45 ukimbie papo hapo dakika 10 hadi 15. Kilomita ya kwanza miguu haisikii amri. Hali hiyo hupita yenyewe, ila lazima mwili uwe umeshaizoea. Siku ya mbio anza sekunde 30 kwa kilomita polepole kuliko kawaida yako. Kuhusu kukimbia hatuna la zaidi.

Pa kubadilishia weka taulo dogo, viatu vimefunguliwa na poda ndani, helmeti juu ya usukani mikanda ikiwa wazi. Funga helmeti kabla hujaigusa baiskeli, na usiifungue hadi umeirudisha mahali pake. Hili ndilo huwaadhibisha wageni wengi. Badala ya kamba za viatu, mwombe fundi cherehani lastiki nyembamba. Tembea njia yote kutoka majini hadi kwenye baiskeli yako ukihesabu safu, usitumie gari lililoegeshwa kuwa alama yako.

Usiku wa kuamkia mbio kula wali au ugali na samaki, maharage yasubiri. Saa mbili na nusu kabla ya kuanza, chapati mbili au mkate na asali, na chai. Kwenye baiskeli maliza nusu lita ya kinywaji ulichochanganya hivi: kwa lita moja ya maji tia vijiko 12 vya chai vya sukari, robo kijiko cha chumvi na ndimu. Madafu ni mazuri baada ya mbio, lakini chumvi yake ni ndogo kwa jasho la pwani, usiyategemee peke yake. Tende tatu nne zinatosha badala ya vile vipakiti vya bei ghali. Chochote ambacho hujakijaribu mazoezini usikile siku hiyo.

Wiki ya mwisho punguza muda wa mazoezi uwe nusu, usipunguze idadi ya kuingia majini. Na ukimaliza mbio, kabla ya kulala, suuza baiskeli kwa maji ya bomba, ikaushe, tia oili kwenye cheni. Chumvi ikikaa hadi asubuhi utaiona kutu.